Mafunzo kazini maabara: jinsi nilivyoyatoa kwenye faili nikayapeleka mezani

Nilipopewa jukumu la kusimamia mafunzo katika maabara ya hospitali yetu ya wilaya, huku Kanda ya Ziwa, nilikabidhiwa faili nene lililojaa vyeti. Kila mtumishi alikuwa na vyake: semina ya VVU, semina ya kifua kikuu, semina ya usalama wa maabara. Nikamuuliza bosi wangu: usiku wa leo nani yuko zamu, na je, anaweza kulinganisha damu ya mgonjwa na ya mchangiaji akiwa peke yake? Faili halikuwa na jibu. Lilijua nani kahudhuria wapi, basi.

Semina zina jambo jingine ambalo sote tunalijua ila kikaoni halisemwi. Kuna posho, kwa hiyo nafasi inakwenda kwa zamu au kwa cheo, si lazima kwa yule anayeshinda na mashine. Mtu anarudi na begi jipya, na anayeendesha mashine ya picha kamili ya damu hajui kilichofundishwa. Sikupigana na posho; vita hiyo siiwezi. Niliomba kitu kimoja tu: anayerudi semina, ndani ya wiki hiyo asimame kwenye mashine au hadubini husika na kumwonyesha mwenzake anayeitumia. Bila projekta.

Muda ulikuwa shida. Asubuhi dirisha la sampuli halina tofauti na soko, na ukimvuta mtu pembeni kumfundisha, foleni inakukumbusha. Kuanzia saa nane mchana kazi hupungua, kwa hiyo tukachukua nusu saa ya kila Jumatano, mada moja kwa siku, chai ikiwapo.

Tulianza na malaria kwa sababu ndiyo kazi yetu ya kila siku, na kwa sababu kila mtu anaamini anaijua. Nilikuwa nimeanza kuhifadhi slaidi nzuri, vile vioo vyenye tone la damu ya kusoma kwa hadubini, kwenye kisanduku. Slaidi haiingii humo mpaka wasomaji wawili waisome bila kuoneshana majibu na wakubaliane. Nikawapa watu wote slaidi moja. Kwamba kuna wadudu, walikubaliana. Idadi ya wadudu ndiyo iliyopishana vibaya. Tulipokaa nao hadubini mmoja mmoja, sababu zikajitokeza. Mmoja alikuwa akifika seli nyeupe 200 anaacha kuhesabu, hata kama wadudu ni wachache. Utaratibu wa WHO unasema ukifika seli nyeupe 200 na wadudu hawajatimia 100, unaendelea hadi seli 500. Wadudu 50 kwa seli 500, ukizidisha kwa 8,000 (seli nyeupe zinazokadiriwa kuwamo katika maikrolita moja ya damu) kisha ukagawa kwa 500, ni wadudu 800 kwa kila maikrolita. Mwingine bado alikuwa anaandika alama za kujumlisha, moja hadi nne, kama alivyofundishwa enzi zake, na daktari wodini hawezi kujua kwa alama hizo kama dawa inafanya kazi. Upande wa wanafunzi tatizo lilikuwa rangi: maji ya bomba badala ya bafa, maji maalumu ya kuchanganyia rangi yenye pH 7.2, slaidi zinatoka na wekundu na viini vya wadudu havionekani vizuri. Giemsa, rangi yenyewe ya kutilia slaidi, ya asilimia 10 inataka dakika 10, ile ya asilimia 3 inataka dakika 45 na zaidi. Tukabandika hayo ukutani juu ya sinki, mahali kazi inapofanyika.

Kulikuwa na mzee wetu mmoja, karibu kustaafu, ambaye hakutaka kusikia habari za kupimwa umahiri. Nikamwendea mchana mmoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kunitahini?"

"Hapana mzee. Nimekuja kuomba unichagulie slaidi za kuwatahini vijana."

Aliifanya kazi hiyo kwa furaha ambayo sikuitegemea, tena kwa ukorofi kidogo. Katikati ya slaidi za falciparum, aina ya malaria tunayoiona sana, alipenyeza moja ya aina nyingine, malariae, mdudu aliyejinyoosha kama utepe kukatisha seli nyekundu, na vijana wenye shahada wakaipita bila kuiona. Baada ya hapo hakuna aliyemwona kuwa anaonewa, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akiniomba slaidi za kujipima. Heshima kwa mtu mzima haimzuii kupimwa, ila namna ya kuliweka jambo ina uzito wake.

Umahiri wenyewe niliuweka kwenye fomu fupi. ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba, toleo la 2012 lilikuwa limetaja njia kadhaa za kumpima mtu: kumtazama akifanya kazi, kukagua kumbukumbu zake, kumpa sampuli zilizoandaliwa, kumwona akihudumia mashine, kumpa tatizo alitatue. Mimi natumia zaidi ya kwanza na ya tatu. Maswali ya karatasi yananiambia tu nani anasoma vizuri. Na wakaguzi wa SLIPTA, mpango wa WHO Kanda ya Afrika wa kuzipa maabara nyota kwa ubora wake ulioanzia Kigali mwaka 2009, wakija wanazikuta fomu hizo. Lakini kama ungekuwa ukaguzi peke yake, faili la zamani lingetosha kupambwa.

Wanafunzi wa fildi walinuna. Zamani logibuku ilisainiwa mwishoni mwa fildi, kurasa zote kwa mkupuo, na siku nyingi zilipita wakibeba sampuli na kujaza rejista. Sasa nasaini kipimo nilichomwona akikifanya. Chuo kimoja kililalamika kuwa nawachelewesha. Nikawajibu kwamba ratiba ya fildi iongezwe, au kazi ya rejista ipungue. Rejista imepungua.

Sehemu ngumu ilikuwa zamu ya usiku. Nilitaka asipangwe usiku mtu ambaye hajasainiwa kwenye kupanga makundi ya damu na kulinganisha damu, na watumishi wenyewe tuko wachache. Mwenye ratiba akanicheka. Tulipatana hivi: ambaye hajasainiwa anaweza kukaa usiku, lakini damu ikihitajika anampigia simu aliyesainiwa anayekaa karibu na hospitali, na jina lake limeandikwa kwenye ratiba. Waliokuwa wakiamshwa ndio waliowasukuma wenzao wamalize mafunzo haraka. Mimi sikuhitaji kusema.

Linalonisumbua hadi leo ni uhamisho. Unamfundisha mtu, anasainiwa karibu kila kipimo, barua inafika. Mmoja anaondoka mwezi ujao. Nimempa nakala za fomu zake zote, ili huko aendako wakitaka kumpanga usiku siku ya kwanza wajue anaweza nini na bado nini. Kipimo cha makohozi, kwa mfano, bado.