Vumbi la mawe ya volkano: nilivyookoa kompyuta yangu Goma

Anayekaa Goma, hasa kandokando ya barabara isiyo na lami, analijua vumbi letu. Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilishusha lava hadi katikati ya mji, Mei 2021 ikashuka tena upande wa Buhene, na mawe ya lava hiyo iliyopoa ndiyo tunayojengea nyumba na kuponda kokoto, huku magari na pikipiki yakiyasaga kutwa. Vumbi lake lina chembe ngumu zenye ncha. Ukilipangusa kwenye kioo cha televisheni kwa kitambaa kikavu, unapiga msasa. Kwanza lipeperushe kwa brashi laini, ndipo upanguse.

Mimi nachapa kazi za wanafunzi nyumbani, Majengo, na kompyuta ikilala nyumba haili. Kiangazi kimoja ilianza kuunguruma, ikawa ya moto chini, kisha ikawa inajizima katikati ya ukurasa. Kompyuta iliyozibwa na vumbi ndivyo inavyofanya: joto likizidi hujizima isiungue. Tena Goma iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, haibebi joto kama ya pwani, kwa hiyo feni ina kazi zaidi.

Nilimuuliza kijana jirani anayetengeneza simu kama niipeleke kwa wanaojaza tairi upepo.

“Hapana, yaya,” akasema, yaani mkubwa wake. “Upepo wa ile mashine una maji na mafuta, na nguvu yake inavunja feni. Fungua, tumia brashi.”

Niliizima, nikachomoa chaja, nikatoa betri. Kila skrubu niliyofungua niliiweka kwenye karatasi niliyoichora umbo la kompyuta, mahali ilipotoka, maana hazilingani urefu, na ndefu ikiingia pa fupi inaweza kutoboa kilicho ndani.

Feni yenyewe haikuwa chafu sana. Balaa lilikuwa nyuma yake, kwenye vibamba vyembamba vya chuma ambako hewa ya moto hutokea. Vumbi lilikuwa limeshikamana na nywele na nyuzi za nguo likafanya kipande kimoja, kijivu upande wa feni, cheusi upande wa ndani, na ukikielekeza kwenye mwanga chembe zake zinametameta. Hakuna upepo uliokuwa unapita pale. Nilikichomoa kwa kibano, kikatoka kizima.

Yaliyobaki niliyatoa kwa brashi mpya ya rangi, kavu, nikisukuma kutoka ndani kwenda nje. Kazi hiyo niliifanyia barazani nikiwa nimejifunga kitambaa puani, kwa sababu vumbi hili si la kuvuta. Feni niliizuia kwa kidole isizunguke ovyo. Palipokuwa pamenata nilipangusa kwa spiriti ya zaidi ya asilimia 90. Ile ya 70 ina maji mengi. Nikaacha ikauke kabisa kabla ya kufunga. Jioni hiyohiyo nilichapa sura nzima bila kuzimikiwa.

Tangu hapo sebuleni hatufagii kwa ufagio mkavu, tunadeki. Kompyuta haikai sakafuni wala kitandani, na madirisha ya upande wa barabara yanafungwa mchana. Vile vitambaa vya kufuma tunavyopenda kutandika juu ya dekoda nimevibakiza, ila vinawekwa chombo kikiwa kimezimwa tu. Dekoda inayowaka ikifunikwa, joto linakosa pa kutokea, nayo inaharibika hata bila vumbi.

Usafi mkubwa naufanya mwisho wa Agosti, kabla mvua za Septemba hazijakolea. Vumbi likiwa kavu linaziba na kuleta joto. Likilowa unyevu linapitisha umeme mahali pasipotakiwa. Na moshi wa volkano una gesi ya salfa, ileile inayokula mabati yetu, kwa hiyo vumbi bichi juu ya waya za shaba ni hatari zaidi huku kuliko mahali pengine.

Televisheni, hasa ile ya zamani yenye mgongo, siifungui. Kapasita zake, yaani vihifadhi umeme vya ndani, hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa, na umeme huo unaweza kumuua mtu. Napiga brashi matundu ya nyuma kwa nje tu, waya ukiwa umetoka ukutani. Umeme kukatika mtaani hakutoshi, maana unarudi bila kubisha hodi. Ya ndani namwachia fundi.