Siku moja maishani mwangu: seva ya Mbeya ina watu 500 tu, wengine wako wapi?

Saa 1 asubuhi. Sijamaliza hata kufunga viatu, simu inaita, ni dada wa IT tawi letu la Mbeya. "Kaka samahani nakusumbua mapema, huku hakuna anayeingia kwenye mfumo, wengine wanaambiwa mtumiaji hayupo, wengine paswedi sio sahihi, na leo ndo mwisho wa kusajili masomo." Nikachukua boda hadi chuoni.

Ipo hivi: tuna seva mbili za OpenLDAP (programu ya orodha ya watumiaji na paswedi zao) zinazotunza akaunti zote, ya Morogoro ndo mama, ya Mbeya inakopi kutoka kwa mama ili hata laini ikikatika wanafunzi wa kule waendelee kuingia. Ya Mbeya ni mpya, Ijumaa jioni ndo tumeanza kuitumia.

Saa 2. Kitu cha kwanza naangalia contextCSN, ile alama ya muda inayoonyesha seva imefika wapi. Morogoro ipo, Mbeya haina kabisa, maana yake haijawahi kumaliza kukopi hata mara moja. Nikahesabu akaunti kwa slapcat, amri inayosoma data moja kwa moja kwenye diski (ldapsearch ya kawaida, inayouliza seva, usiiamini kwa kazi hii, utaona kwa nini). Morogoro 3,412. Mbeya 500. Mia tano kamili jamani, namba hiyo haiji kwa bahati mbaya.

Saa 3. Mtandao sikuugusa, kama 500 zimepita basi njia ipo. Saa za seva zote nimecheki ziko sawa. Nikawasha logi za sync (za kukopi), na kila baada ya sekunde 60 inarudi kosa lile lile namba 4, kikomo cha idadi kimezidi. OpenLDAP ukiiacha ilivyo, yeyote anayeuliza, hata ldapsearch, anapewa majibu 500 mwisho, isipokuwa rootdn (akaunti kuu ya msimamizi), na akaunti yetu ya replikesheni, ile Mbeya inayotumia kukopi, ni akaunti ya kawaida tu. Kwenye majaribio tulikuwa na watumiaji 40, kikomo kingeonekana wapi? Mimi seva iliyozima kabisa naiona afadhali kuliko inayojibu nusu nusu hivi, ikizima kila mtu anajua.

Nikaongeza olcLimits (mpangilio wa vikomo) kwa akaunti ile, ukomo ukaondoka, namba ya Mbeya ikaanza kupanda, 900, 1,700, mpaka 3,412. Nikaenda kunywa chai.

Saa 6 mchana dada kapiga tena. Sasa hakuna wa "hayupo", wote wanaambiwa paswedi sio sahihi. Kumbe asubuhi yalikuwa matatizo mawili na alinitajia yote mawili, mimi nikasikia moja.

Nikafungua akaunti moja pande zote mbili nikazilinganisha mstari kwa mstari. Jina lipo, barua pepe ipo, kundi lipo, ila ya Mbeya haina mstari wa userPassword. Ruhusa za seva mama zinaficha paswedi kwa kila mtu, na akaunti ya replikesheni nayo imo humo, hivyo inakopi kila kitu isipokuwa kile kinachohitajika. Kabla ya kuifungulia nikahakikisha TLS (kufunga mawasiliano kwa siri) ni lazima, maana hash za paswedi za watu zinasafiri kutoka Morogoro mpaka Mbeya, halafu nikaipa ruhusa ya kusoma tu.

Nikarestati, hola. Hapa wengi wanakata tamaa ila sababu ipo: kubadilisha ruhusa hakugusi akaunti zenyewe, alama zao za muda (CSN) zinabaki zile zile, Mbeya inaona haina jipya la kuchukua. Lazima ianze upya.

Saa 8. Tuko kwenye simu, dada kazima slapd (OpenLDAP yenyewe), kahamisha faili la akaunti, data.mdb, kwenye folda nyingine (tusifute kitu mpaka tuone), kawasha. Nasikia tu kibodi yake na kelele za wanafunzi nyuma. Kisha kimya kidogo, kisha "kaka, binti wa kwanza kwenye foleni ameingia." Huyo binti alikuwa pale tangu asubuhi. Nilishusha pumzi.

Saa 10 nimeandika skripti, kila dakika 10 inalinganisha contextCSN na idadi pande zote mbili, vikitofautiana inanitumia meseji.

Saa 12 jioni nazima taa. Kuna akaunti tatu mpya zimeingizwa Morogoro mchana huu. Mbeya nako inasoma 3,415.