Toleo 2.0 limetoka, mashine hazilitaki

Leo mchana, kwenye hazina yetu ya vifurushi vya Debian (mfumo endeshi wa Linux): toleo 2.0-1 la kifurushi chetu limeshapanda, lakini apt, programu inayosakinisha vifurushi, inasisitiza kwamba hakuna jipya.

Ukiita apt policy, amri inayoonyesha toleo lililosakinishwa na lililopo hazinani, unaliona tatizo. Mashine zina 2.0rc1-1, yaani toleo la majaribio, na kwa dpkg, programu ya Debian inayolinganisha namba za matoleo, hilo ni kubwa kuliko 2.0 kamili.

Jipimie mwenyewe (gt ni "kubwa kuliko"):

dpkg --compare-versions 2.0rc1 gt 2.0 && echo ndiyo

Jibu: ndiyo.

Kwa nini? Baada ya 2.0, upande mmoja namba imekwisha, upande wa pili kuna herufi "rc". Penye herufi panashinda palipokwisha. Ni alama moja tu inayokaa chini hata ya mwisho wa namba: ~. Ingeandikwa 2.0~rc1, kila kitu kingekwenda sawa.

Wengi hukimbilia epoki, yaani namba inayowekwa mbele ya toleo pamoja na nukta mbili, ambayo hulishinda toleo lolote lisilo nayo: 1:2.0-1. Tafadhali msiharakishe! Epoki ikishaingia haitoki tena, na kifurushi kingine kinachodai (>= 2.5) kitaridhika na 1:2.0 bila kelele. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Tumetoa 2.0rc1+really2.0-1. Jina halipendezi, ila linapita 2.0rc1-1, na ndani yake ni 2.0 halisi.

Uzuri wake: 2.0.1 ikitoka, itashinda yenyewe, kwa sababu nukta hupangwa juu ya herufi. Kiambishi kile cha +really kinafutika.

Ninyi mnaotunza vifurushi, mlishalazimika kutumia epoki? Ilikuwa kwa sababu gani?