Pembe za Ng'ombe na Honi ya Meli: Nilivyoizoea Touki Bouki

Katika jamaa na marafiki wote niliowaonyesha Touki Bouki hapa Tanga, sijampata hata mmoja aliyeiona kuwa filamu ya kawaida. Wapo wanaosema ni upuuzi mtupu, na wapo wanaoitazama mpaka mwisho bila kutoa neno, kisha wakaomba wawekewe kwenye flashi. Wa katikati sijamwona. Shemeji yangu yumo katika kundi la kwanza, na hukumu yake aliitoa kabla filamu haijafika nusu: "Filamu gani hii, shemeji, wimbo mmoja unarudiwa mpaka spika yenyewe inaona haya?"

Kwa asiyeijua, ni filamu ya Senegali ya mwaka 1973, iliyoongozwa na Djibril Diop Mambéty, mzaliwa wa viunga vya Dakar ambaye hakusomea utengenezaji wa filamu popote, bali alitokea kwenye jukwaa la tamthilia, na hata huko waliishia kumwondoa. Inasemekana iligharimu takriban dola 30,000 tu. Kisa chenyewe ukikisimulia kinamalizika kabla chai haijapoa: Mory, kijana mchunga ng'ombe mwenye pikipiki iliyofungwa fuvu la ng'ombe na pembe zake mbele ya usukani, na Anta, mwanafunzi wa chuo kikuu, wanataka kwenda Paris, nauli hawana, wanajaribu kuiba mara ya kwanza wanaambulia patupu, mara ya pili wanafanikiwa, wanafika bandarini, na Mory anageukia kwenye ngazi ya meli huku Anta akiondoka peke yake. Nimekwisha kuutaja mwisho, lakini sidhani kama nimemharibia mtu uhondo, kwa kuwa uhondo wa filamu hii haumo katika kisa.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tulizoea kupewa filamu iliyokwisha kutafunwa: mfasiri, awe Lufufu au mwingine wa kundi lake, anakutajia steringi ni nani, adui ni nani, na ugomvi umeanzia wapi, hata ukichelewa kuingia huachwi nyuma. Touki Bouki haina steringi. Inaanza na mtoto aliyepanda ng'ombe akiongoza kundi taratibu uwandani, na unapoanza kutulia unajikuta machinjioni, damu sakafuni, tena damu ya kweli, na hakuna anayekueleza kwa nini umeletwa. Baadaye anatokea mzungu mwenye manyoya kichwani kama ya mnyama, anayeishi juu ya mbuyu, anaichukua ile pikipiki na kwenda nayo. Mory anasimama uchi ndani ya gari la wizi, ngumi juu, akipita barabarani kana kwamba ni kiongozi wa nchi anayepokewa na wananchi. Mara ya kwanza nilifika mwisho kwa ukaidi tu, na nilipozima kompyuta nilikuwa nimekasirika.

Kilichonirudisha kwake ni masikio. Jioni moja niliiwasha huku nikipiga pasi nguo za wiki, skrini ikiwa nyuma yangu, na bila picha za kunivuruga nikaanza kusikia mpangilio ambao macho hayakuwa yameuona. Ule wimbo wa mwimbaji Josephine Baker unaoisifu Paris kuwa ni kipande cha pepo duniani unarudi kila ndoto ya vijana hawa inapopamba moto, na kila ukirudi unazidi kuwa mtamu kupita kiasi, mpaka sifa inageuka kuwa kejeli. Kero aliyoiona shemeji ni kero iliyopikwa makusudi. Mlio wa ng'ombe nao haukai machinjioni. Unawafuata wahusika mjini, baharini, hata mahali ambapo hakuna ng'ombe. Mambéty anaunganisha matukio kwa sauti na si kwa sababu na matokeo, na ukishaipata njia hiyo filamu inakuwa na utaratibu mkali kuliko nyingi zenye kisa kilichonyooka.

Tazama kipande cha ngazi ya meli, ambacho nimekirudia mara nyingi zaidi ya vyote. Anta ametangulia kupanda. Mory yupo nyuma, amevaa nguo za kuiba, amebakiza hatua chache. Honi ya meli inalia, nzito na ndefu, na papo hapo tunarudishwa kwa ng'ombe anayeburutwa kwa kamba kuelekea kisuni, miguu ikikataa. Hakuna mazungumzo. Uso wa Mory unabadilika, anageuka, na anakimbia kurudi mjini kuitafuta pikipiki yake. Wapo wanaosema ni mwoga. Mimi naona kwamba katika honi ile amesikia sauti anayoijua tangu utoto wake wa uchungaji, na anajua vizuri kuliko sisi ni wapi mnyama anapelekwa akiitikia sauti hiyo.

Labda naiona hivyo kwa sababu ya mji ninaoishi. Kwa miaka mingi meli kubwa za Tanga zilitia nanga mbali na gati na mizigo ikaletwa kwa matishari, kwa hiyo kijana aliyekaa Raskazone akiitazama meli alikuwa akitazama kitu kinachoonekana kizima lakini hakifikiki. Hadithi za waliozamia kwenda Ugiriki au Afrika Kusini zilisimuliwa mitaani kwetu kwa sauti ya kusifu. Waliogeukia njiani hawakusimuliwa, na filamu inayomfuata mmoja wao bila kumcheka wala kumtukuza ni kitu adimu.

Kuna pia Shangazi Oumy, anayechezwa na mwimbaji Aminata Fall, ambaye mwanzoni hataki hata kuwasikia kwa sababu ya deni, na katika ndoto yao ya kurudi matajiri ndiye anayeimba sifa zao mbele ya watu. Nani aliyehudhuria taarabu asiyemjua mtu huyu, na noti zinazoubadilisha wimbo wake?

Sidai kwamba kila kitu kimekaa sawa. Sehemu ya kwa tajiri Charlie, yule wanayemwibia mara ya pili, hainivutii hadi leo, kwa kuwa mzaha wake umeegemea kumdhihaki mtu kuliko kumwonyesha, na anayeshindwa kutazama mnyama akichinjwa kwa ukaribu ule ana haki ya kuondoka. Lakini tafuteni nakala iliyokarabatiwa mwaka 2008, maana rangi na sauti zake ni safi, na msiitazame kwa spika ya simu.

Safari ijayo nataka kuonyesha Mille soleils, filamu ya mwaka 2013 ambamo Mati Diop, binti wa kaka yake Mambéty, alimfuata Magaye Niang, yule aliyekuwa Mory, akiwa mtu mzima aliyebaki Dakar. Shemeji ameuliza kama na hiyo ina ng'ombe. Nimemjibu kwamba inao, tena wengi, na bado hajaniambia kama atakuja.