Ngazi ya Mfalme François: mara ya nne imekubali

Jana saa tano usiku nilimsukuma mfalme wangu wa sanamu kwenye ngazi ya modeli yangu kwa kijiti cha mshikaki, kidato kwa kidato, kutoka chini hadi juu kabisa, na kichwa chake hakikugonga popote. Nikamwamsha mke wangu aje aone. Akatazama, akasema "hongera", akarudi kulala. Basi acha niyaandike hapa, maana uchungu wa ngazi hii naujua peke yangu.

Mpango wa mwanzo ulikuwa kutengeneza modeli za vituo vitano vya maisha ya François I wa Ufaransa, kwa kipimo cha 1 kwa 50: ushindi wake Marignano mwaka 1515, kasri la Chambord, kukamatwa kwake vitani Pavia mwaka 1525, ukumbi aliorembewa na Waitaliano kule Fontainebleau, na kitanda alichofia Rambouillet mwaka 1547. Kila kituo nilikipa wiki mbili. Huu ni mwezi wa nne na bado niko Chambord. Tena si kasri zima, ni ngazi ya katikati tu.

Ngazi yenyewe ni mbili zilizosokotwa pamoja. Anayepanda huku hakutani na anayeshuka kule. Wanachunguliana tu kupitia matundu ya kiini cha katikati, ambacho ni kitupu ndani. Kwenye picha inaonekana rahisi kabisa.

Mara ya kwanza nilifanya ujinga. Nilidhani ngazi ya pili ni sura ya ile ya kwanza kwenye kioo, yaani moja izungukie kulia na nyingine kushoto. Nikakata vidato vyote, nikagundisha, na baada ya robo mzunguko tu zikagongana uso kwa uso. Nililala nimenuna. Asubuhi yake nilikuwa nafunga parafujo ya mlango ndipo nikaelewa: zote mbili lazima zizungukie upande mmoja. Kinachozitofautisha ni mahali pa kuanzia tu, moja huku, nyingine ng'ambo yake. Ngazi ya pili ni ile ile ya kwanza iliyogeuzwa nusu mzunguko.

Mara ya pili niliponzwa na gundi. Ile ya haraka ya kwenye kichupa kidogo sitaki tena kuiona mezani kwangu. Inashika kabla hujanyoosha kidato, na kosa la nusu milimita chini linakuwa kidato kizima ukifika juu. Gundi nyeupe ya mbao na vibanio vya nguo, basi. Nina vibanio 40, na nguo za nyumba hii zinapeperuka uani bila mwenyewe.

Mara ya tatu ndiyo iliyoniumiza kweli, kwa sababu kila kitu kilikaa sawa. Vidato 24 kwa mzunguko, kila kimoja kinapanda milimita 3, jumla milimita 72. Kwa kipimo changu hiyo ni mita 3.6, nafasi tele ya mtu kupita. Nikamweka mfalme. Alikuwa mtu mrefu, karibu mita 2, kwa hiyo sanamu yake ina milimita 39. Akapanda vizuri, kisha akakwama shingo. Mwanangu alikuwa pembeni akauliza, "Baba, kwani kwake haruhusiwi kuingia?"

Nilipima tena na tena, hesabu inakubali, kichwa kinakataa. Siku tatu nzima! Mpaka nilipoacha kutazama ngazi moja nikazitazama zote mbili. Juu ya kichwa chako hakuna ngazi yako mwenyewe ya mzunguko unaofuata. Kuna ile nyingine, nayo imeingia katikati kabisa. Zile milimita 72 ni 36 tu, ukitoa unene wa plaiwudi zinabaki 33. Mfalme alikuwa anapita kwenye uvungu wa mita 1.65. Sasa nimeweka vidato 32 kwa mzunguko. Zinapatikana milimita 96, nusu yake 48, ukitoa unene 45. Anapita hata na kofia yake ya manyoya.

Swali la mwanangu halikuwa la mzaha tu, kwa kweli. Huyu bwana aliamuru ujenzi uanze Septemba 1519, akatawala miaka 32, na humo ndani alilala wiki chache tu, zaidi kwa ajili ya uwindaji. Wakati gundi inakauka huwa nasoma habari zake, na kuna jambo siwezi kulimeza. Baada ya Pavia alifungwa Madrid na Mfalme Mkuu Charles V, na mwaka 1526 akatoka kwa kuwaweka rehani wanawe wawili, mkubwa ana miaka 8, mdogo hajatimiza 7. Walikaa Hispania hadi 1530, wakakombolewa kwa sarafu milioni 2 za dhahabu ziitwazo écu. Ni mfalme huyo huyo aliyeagiza mwaka 1537 kwamba kila kitabu kinachochapishwa nakala yake iwekwe kwenye maktaba ya kifalme. Sijui nimpake rangi ya uso gani.

Kuhusu Leonardo da Vinci, kila anayeiona ngazi lazima amtaje kuwa ndiye aliyeibuni. Ni kweli mfalme alimpa nyumba Amboise, na ngazi za kusokotana za namna hii amezichora. Ila alifariki Mei 1519, kabla ya ujenzi, na hakuna hati inayompa kazi hii.

Aliyenivuruga zaidi ni Domenico da Cortona, fundi wa Kiitalia. Huyu alitengeneza modeli ya mbao ya Chambord, ikapotea, lakini karne ya 17 kuna mtu aliwahi kuichora. Na kwenye modeli hiyo ngazi haizunguki! Ni ngazi zilizonyooka, zimelala sambamba. Maana yake kuna mtu katikati ya kazi alibadili mawazo.

Nilipaswa wiki hii kuanza paa na dohani zake. Nimeshaweka mbao za paa chini ya kitanda, na asubuhi nimechora vipande vya kwanza vya ngazi ya Domenico kwenye plaiwudi iliyobaki. Vidato vyake vimenyooka, havihitaji kipimapembe. Mke wangu ameulizia vibanio.