Tuta la mto, matete kulia, mashamba kushoto

Mwaka mmoja na nusu sasa sijaendesha baiskeli kwenye lami. Sababu ni kioo cha pembeni cha lori. Kilinigusa kiwiko, hakikuniangusha, na nadhani dereva hata hakujua. Nilijivuta pembeni ya barabara, na mikono ilitetemeka mpaka nikashindwa kufungua chupa ya maji. Baiskeli niliiegemeza ukutani nyumbani, ikakaa hapo miezi minne.

Mdogo wangu ndiye aliyenitoa. Alikuja Jumamosi alfajiri, akajaza upepo bila kuniuliza, akasema, "Dada, twende. Kuna njia nimeipata, haipiti gari hata moja."

Njia yenyewe ni ya changarawe. Inapanda juu ya tuta la mto, inafuata maji kilomita kumi na nne hivi, kisha inateremka kati ya mashamba na kurudi ilikoanzia. Mzunguko mzima ni kilomita thelathini na nane. Trekta moja au mbili utakutana nazo, na zinakwenda mwendo wa mtu anayekimbia. Siku ile ya kwanza nilitumia nusu saa nzima kugeuka nyuma kutazama kama kuna kitu kinakuja. Halafu nikagundua nimeacha kugeuka, na sijui niliacha saa ngapi.

Kilichonifanya nirudi wiki baada ya wiki, hata hivyo, ni ardhi yenyewe. Ukiendesha taratibu pasipo magari unaanza kuisoma. Mto unapofurika na kuvuka kingo zake, maji hupoteza kasi ghafla, na kinachoachwa kwanza ni kilicho kizito: mchanga na changarawe. Udongo laini wa mfinyanzi husafiri mbali zaidi, unatua kule maji yanakotulia kabisa. Kwa hiyo karibu na mto mvua ikinyesha leo, kesho tairi linapita vizuri. Ukiteremka mashambani, mita mia tano tu kutoka pale, unakuta udongo mweusi wenye rutuba ambao mkulima anaupenda na baiskeli inauogopa.

Somo hilo nililipata kwa gharama. Ilikuwa siku ya pili baada ya mvua kubwa, tuta limekauka, nikajiaminisha kwamba na mashamba yamekauka. Tope la mfinyanzi haliruki kutoka kwenye tairi kama maji machafu. Linaganda, linaokota nyasi na vipande vya mabua, linanenepa kila mzunguko, mpaka gurudumu halina nafasi tena ndani ya fremu. Hazikufika mita hamsini. Nilikanyaga pedali kwa nguvu, nikasikia mlio mkavu kama kijiti kinavunjika. Kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia kibadilisha gia kwenye fremu kilikuwa kimekatika, na mnyororo umejikunja ndani ya spoki. Nilitembea kilomita tisa. Kipande kile kimeundwa kiwe laini makusudi, kivunjike chenyewe ili fremu ipone, na ukubwa wake ni kama kidole gumba. Sasa nabeba cha akiba kila safari.

Siku hizi kabla ya kuteremka mashambani nashuka na kuangalia udongo. Ukiwa umepasukapasuka na kingo za mipasuko zimejikunja juu kama magamba, napita. Ukiwa na ngozi ya kijivu iliyo laini, inayong'aa kidogo, narudi nilikotoka. Ngozi ile inadanganya: juu kavu, chini uji. Tena ukipita hapo unaacha mfereji ambao mvua ijayo itaujaza, na njia inaharibika kwa kila mtu, pamoja na mkulima anayeihitaji kuliko mimi.

Jambo la presha ya tairi nalisema kwa sababu nilibishana nalo muda mrefu. Nilitoka kwenye lami nikiamini tairi gumu ndilo lenye mbio. Kwenye changarawe ni kinyume. Tairi gumu linarushwa na kila jiwe, na kila mara unaporushwa nguvu yako inapotea ikikuinua juu badala ya kukusukuma mbele. Tairi laini linalimeza jiwe na kuendelea. Mimi nina kilo 68, tairi zangu zina upana wa milimita 45, na natumia psi 30 mbele na 33 nyuma. Hazina tyubu. Ndani nimemimina ule utomvu mweupe wa mpira ambao mwiba ukichoma unakimbilia kwenye tundu na kuliziba. Unakauka baada ya miezi michache, kwa hiyo lazima uongezwe. Mwiba nimeshauchomoa nikiwa njiani, nikaona tone jeupe linachemka pale, likatulia, nikapanda tena.

Masikio nayo yana kazi. Changarawe iliyoshindiliwa inatoa mlio mmoja mrefu, kama mvua ya mbali. Iliyolegea inakwaruza. Mlio ukikatika ghafla, umeingia kwenye mchanga, na hapo usukani usiugeuze. Gia nyepesi, macho mbele, endelea kukanyaga. Daraja la mbao juu ya mfereji likiwa na umande lipite wima, bila kugusa breki.

Upande wa kulia ni matete. Asubuhi hewa baridi inalala huko chini, na njia inaposhuka kidogo unaisikia kwenye magoti kabla ya usoni. Watu wengi wanaiona ardhi ya namna hiyo kama ardhi iliyopotea, ya kukaushwa na kulimwa. Mimi nimeuona mto ukijaa na matete yakayapokea maji yote yale kama sifongo, yakayashikilia, yakayaachia polepole kwa siku nyingi, huku mahindi ya upande wa pili yakibaki yamesimama. Mkataba wa kimataifa wa kuilinda ardhioevu ulitiwa saini mjini Ramsar, Iran, tarehe 2 Februari 1971, na jina lake rasmi linawataja ndege wa majini. Nilikuwa nalijua hilo kama jibu la mtihani. Nimelielewa mwezi uliopita.

Tulikuwa kwenye sehemu ya wazi ya tuta, mdogo wangu mbele. Ndege mdogo wa rangi ya mchanga, mwenye mkufu mweusi shingoni, akatokea njiani akiburuta bawa moja. Analiburuta, anaanguka, anainuka, anatoa kilio chembamba. Nilifunga breki nikidhani tumemkanyaga.

"Dada, usisogee," mdogo wangu alisema kwa sauti ya chini. "Angalia mguuni pako."

Shubiri moja kutoka kwenye tairi langu la mbele kulikuwa na kishimo chembamba kwenye changarawe, na ndani yake mayai manne. Yalikuwa na rangi ya mawe na madoa kama ya mawe. Ningeyatazama siku nzima bila kuyaona. Ndege hakuwa ameumia popote. Alikuwa anatuita tumfuate yeye, tuyaache mayai, akijifanya windo rahisi mbele ya viumbe wawili wakubwa. Tulirudi kinyumenyume tukizinyanyua baiskeli. Tulipofika mbali vya kutosha alikunja bawa lake zima, akakimbia, akakaa.

Wiki nne hatukupita pale, tuliishia kwenye daraja na kugeuka. Jumamosi iliyopita tulirudi. Kishimo kilikuwa kitupu. Mbele kidogo, kitu kidogo kuliko yai la kuku, chenye miguu mirefu, kilikatiza njia mbio, kikasimama kati ya mawe na kupotea machoni hapohapo. Hatukujua kama wenzake wako karibu. Tulishuka, tukazibeba baiskeli begani, tukapita pembeni kwenye nyasi, tukitazama kila tunapoweka mguu.