Unene si ngao ya mifupa

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mwanamke mnene aliyekoma hedhi hana sababu ya kuhofia mifupa yake, kwa kuwa uzito huiimarisha na mafuta ya mwili huendelea kutengeneza kidogo estrojeni, homoni ya kike inayolinda mifupa. Imani hiyo ni ukweli nusu. Estrojeni inaposhuka, mfupa humomonyoka upesi kuliko unavyojengwa, na wakati huohuo mafuta hujikusanya tumboni, kuzunguka ini na utumbo, ambako huufanya mwili usiitikie ipasavyo insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu. Hali hiyo huweza kuleta kisukari cha aina ya 2, na mwenye kisukari hicho anaweza kuvunjika mfupa ilhali kipimo cha msongamano wa madini katika mifupa yake hakikuonyesha kasoro. Wingi wa madini si sawa na ubora wa mfupa, jambo ambalo, kwa maoni yangu, halisemwi vya kutosha. Wanawake wanene huvunjika nyonga kwa nadra zaidi kuliko wembamba, lakini vifundo vya miguu huvunjika zaidi. Hata hivyo, kupunguza uzito kwa kujinyima chakula pekee huondoa misuli na mfupa pia; mazoezi ya kunyanyua vyuma, pamoja na protini ya kutosha, hupunguza hasara hiyo.